Umeweka pamba juu ya dari na joto bado lile lile? Tafuta kosa kwenye hesabu kabla hujanunua roli nyingine

Mdogo wangu wa Chanika alinipigia simu Januari, saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, akaniambia kaka nimemaliza hela kwenye ile pamba ya kioo ya njano, nimeweka milimita 50 juu ya jipsamu nyumba nzima kama ulivyoniambia, lakini watoto bado wanalala sebuleni sakafuni manake chumba chao hakikaliki. Nikamuuliza kitu kimoja tu, dari ina nyuzi ngapi saa hizi? Akasema nyuzi gani tena kaka, mimi nakwambia joto.

Sasa hapo ndo watu wengi wanapokwama. Unajua kuna joto lakini hujui ni wati ngapi na zinapita wapi, kwa hiyo unaambiwa ongeza pamba unaongeza, unaambiwa pamba feki unaamini, na kumbe ukikaa chini nusu saa na kalamu halafu ukapanda kwenye kiti na kipima joto cha tochi (ile bunduki ndogo unaielekeza unabonyeza inakupa nyuzi joto) unaweza kujua kosa liko wapi bila kubomoa kitu.

Tuanze na namba ya kulinganishia, bila hiyo huwezi kutafuta kosa lolote.

Kila tabaka lina ukinzani wake wa joto, tunauita R, unaupata kwa kugawa unene kwa lamda ya hicho kitu, unene uwe kwa MITA. Lamda ni uwezo wa kitu kupitisha joto: pamba ya kioo ni kama 0.04, jipsamu kama 0.2, mbao laini 0.13, chuma cha bati kama 50. Halafu kuna hewa inayogusa uso wa dari kwa ndani na uso wa bati kwa nje, nayo ina ukinzani wake, kwa joto linaloshuka kutoka juu ndani ni 0.17 na nje 0.04. Na ule uwazi kati ya bati na dari unaupa kama 0.2. Unajumlisha zote, kisha 1 gawanya kwa jumla hiyo, unapata U, yaani wati zinazopita kwenye mita mraba moja kwa kila nyuzi moja ya tofauti.

Nyumba ya bati na jipsamu ya milimita 9 bila pamba: 0.04 + 0.2 + 0.045 + 0.17 = 0.455. Bati lenyewe nimeliacha makusudi, milimita 0.3 gawanya kwa 50 ni sifuri sifuri tu, bati halizuii kitu. U inakuja 2.2.

Ukiweka pamba milimita 50 unaongeza 0.05 ÷ 0.04 = 1.25, jumla 1.705, U inashuka mpaka 0.59.

Sasa tofauti ya nyuzi usichukue joto la hewa ya nje, hili kosa linafanywa kila siku. Mtu anasema nje 32 ndani 30, tofauti 2, kwa hiyo hakuna joto linaloingia, wakati bati lake ukiligusa linakuunguza mkono. Jua la mchana Dar linaleta kama wati 900 kwa mita mraba, bati la rangi ya maruni au kijani au lililochakaa linameza kama 0.7 ya hizo, ukigawa kwa 20 (kasi ambayo uso wa nje unapoteza joto kwenye upepo wa kawaida) unapata nyongeza ya nyuzi 31 na nusu. 32 jumlisha 31 ni 63. Hiyo ndo "nje" yako, nyuzi 63. Tofauti na chumba cha nyuzi 30 ni 33.

Kwa hiyo bila pamba 33 × 2.2 ni wati 73 kwa kila mita mraba, chumba cha mita 4 kwa 3 kinapokea wati 870 na ushee, yaani ni kama umewasha pasi ya umeme juu ya dari na haizimwi tangu saa nne mpaka saa kumi. Na pamba ya milimita 50 ni wati 19 kwa mita mraba, chumba kizima kama 230.

Na hapa kuna kitu kizuri ambacho nakipenda sana kwenye hesabu hii. Ukijua wati unajua dari inatakiwa isome nyuzi ngapi. Wati zidisha 0.17 ndo tofauti kati ya uso wa dari na hewa ya chumba. 73 × 0.17 ni 12, kwa hiyo dari isiyo na pamba itasoma kama 42 chumba kikiwa 30. Yenye pamba, 19 × 0.17 ni 3, itasoma 33. Geuza sasa: soma dari, toa joto la chumba, gawa kwa 0.17, umepata wati halisi zinazoingia kwako. Zilinganishe na za hesabu, ule utofauti ndo ugonjwa wako.

Pima kati ya saa saba na saa tisa siku yenye jua, feni zima nusu saa kabla (feni inabadilisha ile 0.17 na namba zinakuwa za uongo), na usielekeze tochi kwenye kitu kinachong'aa kama foili (karatasi ya alumini) au bati jipya, inasoma kilichojiakisi pale, sio joto la bati. Ukitaka kupima bati bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri kidogo, pima tepu.

DARI INASOMA MADOA MADOA: HAPA 33, PALE 41

Hii ndo ilikuwa ya mdogo wangu, nilienda Jumamosi na tochi yangu. Katikati ya chumba cha watoto 33, safi kabisa kama karatasi ilivyosema. Nikasogea pembeni kwenye kuta mbili ndefu, 41. Nikarudi 33. Nikaenda ukuta wa pili, 41 tena, mstari wa kama sentimita 30 hivi upana, ulionyooka kabisa. Tukamwita fundi wake.

"Fundi, huku pembeni pamba ilifika kweli?"

"Mzee, pale kenchi zinashuka chini sana, bati linakaribia dari, mkono hauingii. Nikaishia pale."

Hakuficha, na namheshimu kwa hilo. Kweli pale hata mtoto hapenyi. Lakini angalia hesabu inasema nini. Mistari miwili ya sentimita 30 kwenye ukuta wa mita 4 ni mita mraba 2.4, moja ya tano ya dari. Mtu anasema bas asilimia 80 imefunikwa, tumepoteza asilimia 20. Hapana! Sehemu iliyofunikwa 0.8 × 0.59 ni 0.47, sehemu ya wazi 0.2 × 2.2 ni 0.44, jumla 0.91. Chumba kinapokea wati 360 badala ya 230, zimeongezeka kwa zaidi ya nusu, na ile moja ya tano peke yake inaingiza joto karibu sawa na nne ya tano zote zilizobaki.

Na hapa kuna mtego kwa nyie mnaotumia Excel, usitafute wastani wa R. Ukichukua R ya wazi na R ya pamba ukatafuta wastani kwa asilimia zake unapata 1.455, U 0.69, inaonekana sio mbaya. Ni uongo, joto halipigi kura, linapita penye njia nyepesi. Wastani unatafutwa kwa U.

Dawa yake tulitumia fimbo ya mianzi ya mita 3, pamba imekatwa vipande vya upana wa sentimita 40 vinasukumwa mpaka kwenye wolpleti (mbao inayolala juu ya ukuta), lakini mkiacha uwazi wa vidole viwili chini ya bati hewa ipite. Madoa mengine ya kawaida ni kwenye taa za kuzama darini, mafundi wa umeme wanasogeza pamba halafu hawarudishi. Usizifukie tu zile taa, dereva zake (vile visanduku vyake vya umeme) zinachemka, wekea kasha linalozuia pamba isiguse halafu funika kuzunguka. Na mbao za blandaring (zile jipsamu inapigiliwa) nazo ni njia ya joto, milimita 50 kila baada ya 600 ni kama asilimia 8 ya dari, U inapanda toka 0.59 mpaka 0.635 hivi, hiyo inavumilika. Za chuma ni habari nyingine kabisa, kwa chuma huo wastani rahisi usiutumie, tandaza pamba ipite JUU ya vyuma badala ya kuijaza kati yake.

DARI INASOMA SAWASAWA KILA MAHALI LAKINI IKO JUU, KAMA 36 AU 37

Hapa hakuna shimo, kizuizi chenyewe ni dhaifu kuliko ulivyoandika. Sababu ya kwanza, kubanwa. Pamba ya milimita 100 iliyosukumwa kwenye nafasi ya 50 haibaki na R ya 2.5, inarudi kwenye 1.25 au juu kidogo, manake kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzinyuzi za pamba, sio nyuzinyuzi zenyewe. Pima unene ulivyo pale juu, sio ulioandikwa kwenye nailoni.

Ya pili, maji. Bati likivuja kidogo kidogo msimu wa masika pamba inanyonya, na maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 ya hewa iliyotulia. Ukipanda juu ukaikuta imelala chapati na ina rangi ya chai, ndo hiyo. Ziba bati kwanza, itoe iliyolowa.

Ya tatu ni foili. Aisee hii inaniuma kwa sababu watu wa kipato kidogo wanaitumia sana, na ikifungwa vizuri inasaidia kweli, sema inafungwa vibaya. Foili haizuii joto kwa unene, inazuia kwa kung'aa, inakataa kutoa mionzi, na ili ikatae mionzi lazima kuwe na UWAZI mbele yake. Ukiibana kati ya bati na mbao ikagusa pande zote mbili inakuwa bati la pili tu, R yake ni sifuri. Ukiiacha chini ya bati na uwazi mkubwa chini yake, uso unaong'aa ukatazama CHINI, ule uwazi wa 0.2 unaruka mpaka 1 na kupita, U inashuka kwenye 0.8 hata bila pamba, dari inasoma 34 na nusu hivi. Kwa nini chini na sio juu? Kwa sababu vumbi halitui darini kichwa chini, foili iliyotazama juu Dodoma baada ya misimu miwili ya vumbi imeshakufa.

NAMBA YENYEWE HAIINGII AKILINI

Umepata U 0.0008? Hujabadilisha milimita kuwa mita, umegawa 50 kwa 0.04 ukapata R 1250. Nyumba hiyo haipo duniani.

Umepata R 13? Hiyo ni roli iliyokuja na kontena la ndugu yako toka Marekani, kule wanapima kwa futi na farenhaiti. Gawa kwa 5.678. R-13 yao ni 2.29 yetu, R-19 ni 3.35. Nimeona mtu kajumlisha 13 na 0.17 kwenye mstari mmoja akafurahi kweli.

Umechukua mfano wa hesabu toka Uingereza au Ujerumani? Kwao wanazuia joto la ndani lisipande likatoka, ndo maana kwenye paa uso wa ndani wanaandika 0.10. Kwetu pwani joto linashuka, andika 0.17. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwenye foili ni kubwa mno, uwazi uleule wenye foili unaotoa kupita 1 joto likishuka unatoa 0.4 na kidogo joto likipanda, kwa sababu hewa ya moto ikipanda inazunguka inabeba joto nayo. Kwa hiyo foili pekee ya Dar usimshauri nayo mtu wa Makete kwenye baridi.

Na kama hesabu inasema ongeza pamba, angalia inakupa nini. Milimita 50 za kwanza zilikutoa wati 73 mpaka 19. Za pili zinakutoa 19 mpaka 11. Za tatu 11 mpaka 8. Wakati huohuo ukipaka bati rangi nyeupe likameza 0.25 badala ya 0.7, ile nyuzi 63 inakuwa 43, na hata bila pamba yoyote wati zinashuka toka 73 mpaka 29. Ndoo za rangi nyeupe na brashi, na unaosha vumbi kila mwaka. Mimi mtu akiniambia ana hela ya kitu kimoja tu, mara nyingi namwambia apake bati.

DARI IKO SAWA, 33, LAKINI CHUMBA NI MOTO

Acha dari, haina kosa. Kama kuna eisi (kiyoyozi) na haikati, angalia madirisha. Hewa inayoingia inahesabiwa hivi: 0.33 × mara ngapi hewa ya chumba inabadilika kwa saa × ujazo × tofauti ya nyuzi. Chumba chetu cha mita 4 kwa 3 kwa 2.8 ni mita za ujazo 33.6, vioo vya luva visivyofunga vizuri chukua mara 6, nje 32 ndani 24, unapata wati 530. Karibu mara mbili ya zinazopita kwenye dari yenye pamba! Na hapo sijahesabu unyevu, ambao eisi inauhangaikia sana pwani. Luva na eisi haviishi nyumba moja.

MCHANA NAFUU, SAA MBILI USIKU NDO TANURI

Huu ni ukuta, na U peke yake haitakuonyesha kwa sababu U haijui saa. Ukuta wa tofali la inchi sita la saruji lililojaa una R ya kama 0.32 ukijumlisha plasta na hewa za pande mbili, U inapita 3, mbaya kuliko hata dari ya wazi. Ila tofali ni zito, linameza joto kwanza halafu linalitoa kama masaa manne baadaye. Ukuta wa magharibi unachomwa saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo unakutolea saa moja mpaka saa nne usiku, wakati wa kulala watoto. Weka kiganja ukutani saa mbili usiku utausikia wenyewe.

Pamba ya darini ikiwa nzuri hapa inaweza kukuongezea shida, manake joto la ukuta halina tena pa kutokea juu. Kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zinafaidika na uzito kwa sababu ni nene sana na vichochoro ni vyembamba, jua halizigusi muda mrefu, sisi tuna tofali jembamba na kiwanja cheupe. Dawa ni kivuli upande wa NJE: baraza, turubai, mti, mmea unaotambaa. Na usiku fungua madirisha mawili yanayotazamana.

DARI INATOA MATONE

Kwanza hakikisha sio bati linalovuja. Matone yakija usiku wa Juni bila mvua huko Njombe, ni mvuke wa ndani. Chumba cha nyuzi 18 chenye unyevu wa asilimia 70 kinatoa umande kwenye chochote kilicho chini ya nyuzi 12 na nusu hivi, na bati usiku wa anga jeupe linashuka hata chini ya hewa ya nje. Mvuke unapenya dari, unapita pamba, unagota kwenye bati. Nailoni ya kuzuia mvuke iwe upande wa JOTO, yaani chini ya pamba, juu ya jipsamu, na hewa iruhusiwe kupita juu ya pamba.

Dar yenye eisi ni kinyume chake. Hewa ya nje ya nyuzi 30 na unyevu 75 inatoa umande kwenye nyuzi 25, na wewe umeweka chumba 20, kwa hiyo upande wa joto ni wa juu. Nailoni au foili iende juu ya pamba. Ukinakili mchoro wa Njombe ukaujenga Mikocheni, jipsamu itaota ukungu mweusi mwaka haujaisha.

Chumba cha watoto cha mdogo wangu tulisukuma pamba kwa ule mwanzi mpaka kwenye wolpleti, jioni ile ile vumbi la pamba likituwasha mikono (vaeni glovu na barakoa, tafadhali, mikono mirefu pia). Jumapili saa nane mchana dari ikasoma 34 kila mahali. Usiku bado kukawa na fukuto, tukapima ukuta wa magharibi saa mbili, 37. Amefunga waya wa wavu umeachana na ukuta kama futi moja, kapanda mapesheni matatu chini, na kwa sasa amening'iniza turubai mpaka yatambae.